Kisahani Kilichojaribiwa Kwenye Upepo wa Makambako

Jumatano ya wiki mbili zilizopita, asubuhi, nilikuwa kibandani kwangu sokoni Njombe, nimebana kiatu cha mwalimu mmoja katikati ya magoti, sindano imezama nusu kwenye soli, simu ikaita. Alikuwa dada wa jamaa yangu wa Mjimwema. "Kamwene, fundi," akanisalimu. Nikaitikia. "Mdogo wangu amepumzika," akasema. "Alfajiri. Ni kile kifua." Nikamwuliza kama kuna watu nyumbani, akasema majirani wameanza kufika, akakata. Nilimaliza kushona kile kiatu, maana mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu na soksi mguu mmoja, akiitazama saa yake. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba mimi ni fundi viatu wa darasa la saba ninayeandika yale ninayoyaona. Leo naandika nililolifanya. Nimesema "jamaa yangu" wala sikusema "rafiki", na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini neno hilo la pili linanipa shida.

Marehemu alikuwa mkata miti. Miaka yake ya nguvu aliimalizia kwenye mashamba ya misonobari kule Kifanya, begani msumeno wa mashine, mfukoni kipande cha mkate. Huko ndiko alikojifunza mchezo ambao wengi wenu hamjausikia. Mgeni mmoja aliyekuja kufundisha useremala kwenye chuo cha misheni alining'iniza minyororo ya baiskeli kwenye rimu, chini yake akaweka kapu la nondo, akasimika makapu ya namna hiyo tisa katikati ya miti, akawafundisha wakata miti kurusha visahani vya plastiki mpaka viingie kapuni. Anayefika kapuni kwa mirusho michache ndiye mshindi. Wakaiita gofu ya visahani. Jumamosi mchana, kazi ikiisha, wanaume wenye mikono ya magome walikuwa wakibishana juu ya plastiki kama watu wanaobishana juu ya mpaka wa shamba. Mimi nilikwenda mara ya kwanza kupeleka buti nilizoshona, nikabaki, na Jumamosi nyingi baada ya hapo nilirudi bila buti. Jamaa yangu aliwashinda wote, na hakuwashinda kwa kurusha mbali. Aliwashinda mwishoni, zile hatua kumi au kumi na tano za kumalizia, ambako mtu anabadilisha kisahani na kushika kile kinene, butu, cha pole. Yeye alikuwa nacho kimoja cha bluu, kimechakaa ukingoni mpaka kimekuwa kama sabuni iliyotumika, kikitoka mkononi mwake kinakwenda kama kimefungwa uzi.

Halafu mti ukaanguka upande usiotarajiwa, na mgongo wake ukaishia hapo. Sitalisimulia hilo, yeye mwenyewe alikuwa halisimulii. Alipelekwa Mjimwema, kwenye nyumba ya dada yake mkubwa, mjane ambaye watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa. Akapewa kiti cha magurudumu. Kiti kizuri, lakini kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali, na ninyi mnaujua mji wetu: nyumba iko juu, barabara iko chini, katikati kuna makorongo ya mvua. Kiti kile kilimtoa kitandani kikamfikisha uani, basi. Miaka mitatu dunia yake ilikuwa chumba kimoja chenye jiko la mkaa na ua wenye upana wa hatua sita na urefu wa kumi na mbili. Upande wa kulia kuna ukuta wa nyumba. Upande wa kushoto zamani palikuwa na uzio wa mabanzi, mabanzi yakaoza, na kuanzia hapo ardhi inaporomoka kuelekea bondeni kwenye mianzi. Nilipokuwa nakaa naye kule ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, nilikuwa nasikia pumzi yangu ikiwa fupi, nikawa natafuta sababu ya kuondoka. Yeye hakuwa na mahali pa kuondokea.

Wenzake wa Kifanya walimletea kapu moja, wakalisimika mwisho wa ua. Hapo akaanza tena kuishi. Asubuhi alisukumwa hadi mlangoni, akakirusha kile kisahani cha bluu mara hamsini, mara sitini. Dada yake alikuwa akikitoa kapuni na kumrudishia huku akichambua maharage. Mnaona umuhimu wa kunyooka hapo? Kisahani kikinyooka, dada anatembea hatua kumi na mbili kwenye udongo tambarare. Kikipinda kulia, kinagonga ukuta na kuanguka palepale. Kikipinda kushoto, mama wa karibu miaka sitini mwenye magoti mabovu anashuka bondeni kwa kushika mianzi, na kupanda tena. Jamaa yangu aliniambia siku moja, "Fundi, mimi nimekwisha kuwa mzigo wa kutosha. Siku nitakayomshusha bondeni kwa ajili ya mchezo, nitaacha."

Kile cha bluu kiliharibiwa na kande. Dada alikiona mezani, akakifunikia sufuria iliyokuwa jikoni, akatoka kumsindikiza mgeni. Aliporudi kilikuwa kimelegea kimechukua umbo la mdomo wa sufuria. Alikibeba vilevile, akaingia nacho chumbani nikiwa nimekaa, akakiweka kwenye mapaja ya mdogo wake. "Nimekiharibu mimi," akasema. "Nilidhani ni kifuniko." Jamaa alikigeuzageuza kwa muda. Kisha akauliza, "Kande zenyewe zimeiva?" Dada akasema zimeiva. "Basi tule. Hicho kimekufa kazini." Wakacheka, na dada akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Naomba mkumbuke tukio hilo. Mimi nililiona kwa macho yangu na halikunifundisha kitu kwa wakati wake.

Mimi huenda Makambako kila baada ya majuma mawili kuchukua soli na gundi, na kule kwenye mitumba, katika mabelo ya vitu vya kuchezea, visahani hivyo huonekana mara mojamoja. Akanituma. Alinieleza kama mtu anayetoa wosia. "Usiangalie rangi. Shika ukingo wake, uwe mnene na butu. Kibonyeze katikati, kiwe laini kidogo, maana kwa baridi ya huku plastiki ngumu inateleza. Kikiwa kimechakaa kidogo usikiogope, kilichochakaa mara nyingi ndicho kinachonyooka. Kisha kirushe polepole. Kila kisahani kinanyooka kikirushwa na mwenye nguvu. Mimi nataka kinachonyooka kikirushwa na mgonjwa." Nikamjibu, "Kaka, niachie mimi. Mtu anayechagua soli kwa kuinusa atashindwa na sahani?" Akacheka.

Muuzaji kule Makambako alikuwa navyo viwili vya aina ile. Kimoja cheusi, kigumu, kipya kabisa. Kingine cha njano, laini, kina mikwaruzo. "Hizo ni sahani za mbwa wa Ulaya, fundi," akaniambia. "Chukua zote, mbwa wako ale wali huku na mchuzi kule." Nikamwomba nivijaribu. Nikaenda navyo kwenye uwanja wa wazi upande wa reli, naye akanifuata na wenzake wawili, maana hawajaona mzee mwenye mvi akirusha sahani. Mnaujua upepo wa Makambako. Haulali, unabadilisha ubavu tu. Nikasimama nikiuelekea, ili visahani vikinishinda vinirudie visije vikakimbilia relini. Cheusi kilikwenda moja kwa moja mara tano kati ya tano. Cha njano kila mara kiligeuka kulia, kikasimama kwa ukingo, kikabiringika kama gurudumu la kitoto. "Hicho kimelewa!" wakapiga kelele wale vijana wa mitumba. "Mpe kahawa!" Nami nikajiambia, kwa hekima yangu ya darasa la saba, kwamba kinachonyooka mbele ya upepo mkali, penye utulivu kitanyooka zaidi. Nikanunua cheusi, cha njano nikakiacha.

Kumbe kisahani si kama mtu, kwamba anayesimama imara kwenye dhoruba atasimama popote. Kisahani kigumu chenye tabia ya kuvuta kushoto, upepo wa mbele unakisukuma kulia, nguvu hizo mbili zinapigana, na mtazamaji anaona kimenyooka. Kiondolee upepo, kinabaki na tabia yake. Na kile laini kilichokuwa kinanyooka kwa asili yake, upepo uleule ulikitupa kulia nikakiita mlevi. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilirudi Njombe nikakipeleka cheusi Mjimwema kama mtu anayepeleka mahari.

Uani palikuwa shwari, hata moshi wa jiko ulikuwa umesimama wima. Jamaa alikipokea, akakibonyeza katikati, akaniangalia. "Kigumu kidogo," akasema. "Lakini umekijaribu?" Nikasema nimekijaribu mara tano. Akarusha. Kilikwenda vizuri hatua nane, kisha kikainama kushoto kama mtu anayekwepa salamu, kikavuka pale palipokuwa na mabanzi, kikatumbukia bondeni. Dada akaweka ungo chini, akashuka. Alipopanda alikuwa anahema. Jamaa akarusha tena, kushoto. Dada akashuka tena. Mara ya tatu niliwahi kushuka mimi, na nilipokuwa kule chini kwenye mianzi, nimeshika kile kisahani chenye tope, nikaanza kuelewa nilichofanya kule Makambako. Nilipanda na jibu mdomoni. Akaniuliza, "Fundi, kule ulikokijaribia palikuwa shwari?"

Nikasema, "Shwari kabisa. Labda ni mkono wako, kaka. Umekaa muda mrefu."

Akautazama mkono wake wa kulia. Aliugeuza kiganja juu, akaugeuza chini. Nimeshona viatu miaka mingi na nimewaambia watu wengi kwamba ngozi yao ni mbovu, lakini sijawahi kuona mtu akiangalia kitu chake kwa namna ile. Miguu ilikwisha kwenda. Mkono ule ndio uliokuwa umebaki. "Inawezekana," akasema.

Jumapili iliyofuata nilipotoka ibadani nikapita kumwona, nikamkuta uani na dumu dogo la maji, analinyanyua na kulishusha kwa kifundo cha mkono, taratibu, anahesabu. "Naurudisha mkono shule," akasema. Nikakaa pembeni yake. Alinyanyua mpaka jasho likamtoka puani katika baridi ile, nami nilikuwa naujua ukweli mmoja tu ambao ungemfanya aliweke lile dumu chini, nikaitazama mianzi. Jumapili nyingine tena dumu. Na nyingine. Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, niliipita karibu kila Jumapili, miezi saba, kutoka kanisani mpaka uani kwake, na kila nilipoipita ilizidi kubana.

Nilitafuta mlango wa kutokea, msidhani sikutafuta. Safari ya pili ya Makambako nilikwenda moja kwa moja kwa yule muuzaji. "Kile kilevi?" akasema. "Alikichukua mama mmoja wa vifaranga, kule nyuma ya stesheni." Nikamtafuta yule mama, nikamkuta. Kisahani cha njano kilikuwa chini, kimejaa pumba, vifaranga wamesimama ndani yake kama abiria. Nikamwambia nakihitaji. Akanicheka. "Nikikupa sahani ya vifaranga, fundi, wao wale wapi? Viatuni mwako? Niletee sahani nyingine, hata yenye pengo, uchukue hii." Sahani moja tu! Kwangu ninazo sita. Nikamwambia nitarudi nayo. Nikarudi Makambako safari nyingine kumi na mbili, na mkobani sikuweka sahani, kwa sababu nilishapiga hesabu ya kilichobaki: nikimpelekea jamaa kisahani kinachonyooka, ataniuliza kimetoka wapi, na kile cheusi kilikuwa na kasoro gani, na mkono wake nao je? Ningelazimika kumweleza zile wiki zote za dumu. Kila wiki niliyongoja iliongeza wiki moja ya kueleza. Hivyo ndivyo mtu anavyojifungia ndani na kumeza ufunguo, wala hakuna aliyemsukuma.

Katikati ya kipindi hicho niliona kwenye lile kapu pamefungwa kipande cha kitambaa, kimekatwa kutoka kwenye kanga ya zamani. Nikauliza cha nini. "Urembo," akasema. Siku ile palikuwa na upepo kutoka upande wa kijiji cha Yakobi, kitambaa kinapepea kutuelekea sisi, akarusha kile cheusi na kikaenda kikanyooka, minyororo ikalia. Mara tatu mfululizo. Mwili wangu wote ukapata nafuu ya aibu. "Unaona?" nikamwambia. "Dumu limesaidia." Alinitazama kidogo, kwa yale macho ya mkata miti anayepima mti utaangukia wapi. "Limesaidia, fundi," akasema.

Tumemzika Kifanya, jirani na wazazi wake, na wenzake wa msituni ndio waliobeba jeneza. Siku ya tatu, watu walipopungua, nilikaa uani na dada yake. Nilikuwa nimeamua kumwambia yeye, kwa kuwa mwenyewe nilikuwa nimemkosa. Nikaanza: "Dada, kile kisahani cheusi..." Akanikatiza. "Kile cha upepo?" Nikamwuliza cha upepo vipi. Akaonyesha kwa kidevu kile kitambaa kwenye kapu. "Alikuwa hakirushi mpaka kitambaa kimwelekee yeye. Siku nyingine anangoja kutwa nzima, upepo usije, namrudisha ndani hajarusha hata mara moja. Alisema hiki ni cha Makambako, kinataka upepo wa mbele, la sivyo nitashuka bondeni." Nikamwuliza nani alimwambia. "Nani amwambie, mdogo wangu? Alijua siku ileile uliyokileta. Alisema, fundi amekijaribia kwenye upepo, halafu ameogopa."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alinyanyua lile dumu miezi yote ile.

"Mbona alikuwa hanyanyui," akasema dada. "Jumapili tu. Ikikaribia saa ya watu kutoka kanisani ananiambia, dada, nipe dumu, fundi anakuja. Nilimgombeza. Akasema, akinikuta sina dumu atadhani nimemgundua, naye hatakuja tena. Na mtu mwingine anayekuja ni nani?"

Tangu siku ile nimewaza mengi, mengine makubwa kuliko ua ule. Nimefikiria vitu vingi tunavyochaguliwa na watu waliovijaribia kwenye upepo wa kwao: kiti kile cha sakafu laini, mbegu za viazi zilizositawi penye joto zikaja kuozea kwenye baridi yetu, miche ya parachichi, hata mashauri tunayopewa na tunayowapa watoto. Anayechagua huwa mkweli anaposema amejaribu. Amejaribu kweli, ila kule aliko yeye. Mimi sina udhuru hata huo, kwa sababu kazi yangu yote ni kumwambia mteja avae kiatu asimame nacho chini, maana kiatu hujaribiwa na mguu wa mwenyewe. Lakini hilo lilikuwa kosa tu, na kosa husameheka. Lililonifunga ni lile nililolisema baada ya kosa. Tulikuwa wanaume wawili katika ua wa hatua sita, kila mmoja analinda uongo wa mwenzake: mimi kwa woga, yeye kwa kuchelea upweke. Mgongo ulimfunga pale uani. Mimi nilimfunga mara ya pili, na lile dumu la maji lilikuwa kodi aliyonilipa ili niendelee kumtembelea. Na dada yake bado yuko pale. Watu wamekwisha kuondoka, na yeye hajui bado afanye nini na asubuhi zake.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Makambako nimebeba sahani ya bati. Yule mama wa vifaranga aliipokea, akaigonga kwa ukucha, akasema, "Umechelewa kidogo tu, fundi," akacheka, hakujua. Nikakiosha kisahani cha njano pumba zote, nikakipeleka Mjimwema. Palikuwa shwari, kitambaa kwenye kapu kilikuwa kimelala. Dada akaniletea kile kiti cha magurudumu, akaniambia nikae, nirushe kutoka pale alipokuwa akirusha mdogo wake. Nikarusha polepole, kama mgonjwa. Nilitamani kipinde. Nawaambieni kweli, nilimwomba Mungu kipinde walau kidogo. Kikanyooka hatua zote kumi na mbili, minyororo ikalia, na dada akaenda kukitoa kwa miguu yake kwenye udongo tambarare.

Msomaji wangu, ukimharibia mtu kitu chake, kibebe vilevile kilivyoharibika ukamwekee mapajani siku hiyohiyo. Dada alifanya hivyo, wakacheka, wakala kande. Mimi bado ninacho mkononi.